Pipa likianguka, mbio zako hazikusaidii

Leo nawaletea habari za farasi, na msicheke. Mimi ni mtu wa Mbuchi, huku delta ya Rufiji. Kwetu kuna mitumbwi, mikoko na mpunga, farasi hatuna. Mbung'o hamwachi, anamwambukiza ugonjwa wa nagana. Hata mwaka 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yaliyoingia nchi hii na farasi yalipoteza maelfu yao kwa magonjwa. Sasa farasi na biashara ya mtandaoni vimekutana wapi? Nisomeni taratibu.

Nauza mikeka ya ukindu. Wasukaji ni mama na shangazi zangu hapa kijijini. Kazi yangu mimi ni kupiga picha, kuposti, kupokea oda na kutuma mzigo. Mwaka jana picha moja ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, ndani ya siku 4 nikapata oda 31. Zote nikachukua nusu ya hela. Mkeka mkubwa unasukwa wiki mbili, mimi kwa furaha nikaahidi wiki moja. Mvua ikaingia, njia ya kwenda Kibiti ikawa tope. Wateja 9 wakaniita tapeli hadharani, kwenye posti yangu mwenyewe. Niliwarudishia hela zao, nyingine nikakopa kikoba.

Kati ya waliovumilia alikuwa mzee mmoja wa Unguja anayepandisha watalii farasi ufukweni. Aliagiza mikeka 6. Nikasema huyu nampelekea mwenyewe, nimwombe radhi uso kwa uso.

Nilimkuta uwanjani na farasi jike mdogo, anamzungusha kwenye mapipa matatu matupu ya mafuta yaliyopangwa pembetatu. Wanatembea tu, kama wanaenda msibani.

"Shikamoo mzee. Mbona hakimbii, anaumwa?"

"Marahaba mwanangu. Huyu akikimbia bodaboda humwoni. Ila kwanza ajue kukata kona."

Akaniambia huo ni mchezo wa Marekani, na wanaoutawala ni wanawake. Mwaka 1948 wanawake wa Texas walianzisha chama chao wenyewe cha mashindano ya farasi, na chama hicho kipo mpaka leo. Farasi anaingia kwa kasi, anazunguka pipa la kwanza, anazunguka la pili kwa kugeukia upande mwingine, anamaliza la tatu, halafu anatoka shoti mpaka mstari. Kwenye uwanja wa vipimo kamili, walio bora wanatumia kama sekunde 17 hivi, na mshindi anaweza kupatikana kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde.

"Sasa pipa likianguka?" nikauliza.

"Unaongezewa sekunde 5."

Hapo nikanyamaza. Watu wanagombania sehemu ya mia ya sekunde, halafu kosa moja linakula sekunde 5 nzima. Ukiangusha pipa, ile kasi yote imekwenda bure. Nikajiona mimi na oda zangu 31.

Mzee akaendelea kunifundisha bila kujua ananifundisha biashara. Farasi anaanza kwa kutembea, wiki na wiki. Akizunguka vizuri bila kuvutwa, ndiyo anaruhusiwa kukimbia kidogo. Akikosea, anarudishwa kwenye kutembea, na wala siyo adhabu. Kabla ya kona apunguze mwendo, aingie akiwa ameacha nafasi kati yake na pipa, maana akilibana mapema atalipiga akigeuka. Na mpandaji asilikodolee pipa macho, aangalie pale anapotaka farasi apite.

Akanionyesha na kosa lake. Huyo huyo jike alimharakisha mwezi wa pili tu wa mafunzo. Akaanza kuogopa mapipa, akifika mlangoni mwa uwanja anagoma na kutoka jasho. Dawa yake ilikuwa kumtoa. Siku nyingi za wiki anampeleka matembezi marefu, ufukweni na kwenye njia za minazi, bila pipa hata moja. Anasema farasi akizungushwa mapipa kila siku anachoka akili kabla ya miguu. Matembezi yanampa pumzi na yanamrudishia hamu ya kazi.

Nilirudi Mbuchi nikabadilisha mambo haya:

1. Nina mapipa yangu matatu: kupokea oda, kukagua mkeka, kusafirisha. Kwa wiki napokea oda 5 tu. Miezi miwili ikipita bila malalamiko, naongeza 2.

2. Naacha nafasi kabla ya kona. Mkeka ni wiki mbili, mteja namwambia wiki tatu. Masika namwambia nne. Ukifika mapema anafurahi.

3. Likianguka pipa, narudi kutembea. Oda moja ikichelewa, nafunga oda mpya mpaka huyo apate mzigo wake. Inauma kumwambia mtu mwenye hela mkononi asubiri, lakini nafanya.

4. Siku moja ya wiki naweka simu chini, nakaa na wasukaji. Huko ndiko nilikojua shangazi anaumwa macho na usiku hasuki tena. Kumbe nilikuwa nahesabu mikeka ambayo haipo.

Siwadanganyi kwamba nimetajirika. Kikoba nimemaliza kulipa mwezi uliopita. Kati ya wale wateja 9, nimewaandikia wote kuomba radhi. Watatu wamenunua tena, mmoja hajanijibu mpaka leo. Yule naye ana haki yake.

Na yule jike? Juzi mzee kanitumia video. Kaingia uwanjani mwenyewe bila kugoma, kazunguka yote matatu kwa mwendo wa kati, na hakuna lililotikisika.

Haya, tuambiane ukweli hapo chini: kwenye biashara yako, pipa gani linaangukaga? Kupokea oda, kuandaa mzigo, au kusafirisha? Na wiki hii unaweza kubeba oda ngapi bila kumdanganya mtu?