Nyumba ya kwanza na uko peke yako: ukinge nini kwanza?



Kisha mavuno ya kahawa, kuna vijana kati yetu, wanaume na wanawake wasio na bibi ao bwana, wanaomaliza kujenga nyumba yao ya kwanza. Wanatuuliza: «Tulipe asiransi gani?» Pesa haitoshi kwa zote. Jibu letu ni hili: kinga kwanza mikono inayolipa nyumba, halafu nyumba yenyewe.

Sababu iko wazi. Pale watu wako wawili, mmoja akigonjwa, mwengine anaenda sokoni. Mtu wa peke yake akilala, hakuna kinachoingia. Tuseme umekopa dola 600 za mabati na simenti, na unarudisha dola 50 kila mwezi. Ukigonjwa miezi tatu, dola 150 zinakosa, na dawa nazo zinadai pesa. Nyumba haikuungua, lakini unaweza kuipoteza.

1. Afya. Mityeli ya afya inapokea mchango wa kila mwaka, halafu inalipa sehemu ya gharama kwenye vituo vilivyopatana nayo. Kabla ya kuingia, uliza: inapokea mtu mmoja, ao inaandika jamaa nzima tu? Utangoja muda gani mbele ya kutunzwa? Sehemu gani itabakia juu yako? Jiandikishe ungali mzima. Siku ya homa ni kuchelewa.

Mityeli hailipe siku ulizokosa kazi. Hapo ndipo sanduku jekundu la MUSO linasaidia. Sanduku la kijani ni la kukopeshana. Lile jekundu ni la msaada wakati wa ugonjwa, kifo ao moto. Usiache kulitolea mchango eti hauna watoto.

2. Deni. Mara nyingi wakopeshaji wanakata pesa kidogo ya asiransi juu ya mkopo. Uliza inalipa nini: kifo tu, ao na ugonjwa na kilema pia? Bila asiransi hiyo, ukifa, deni linafuata urithi wako. Kwa Sheria ya Familia ya 1987, mtu asiyeacha mtoto wala bibi ao bwana, warithi wake wa kwanza ni baba, mama na ndugu zake. Mama mzee anaweza kupokea nyumba pamoja na deni lake.

3. Nyumba. Asiransi ya moto inahusu jengo na vyombo, haihusu udongo. Usiandikishe bei ya kiwanja ndani yake. Soma kwanza ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Lava ya Nyiragongo iliunguza nyumba mwaka 2002 na tena Mei 2021. Mafuriko yalibomoa vijiji vya Kalehe Mei 2023. Kama mkataba hautaje volkano, mafuriko ao vita, uliza, na jibu liandikwe. Neno la mdomo halitajenga ukuta.

4. Maisha. Asiransi ya kifo inafaa kama kuna mtu anayekula kwa jasho lako: mzazi, mdogo wako unayemlipia masomo. Kama hakuna, ingoje. Ukiichukua, andika jina la atakayepokea, na ulibadilishe ukioa, ukiolewa ao ukizaa.

Zamani SONAS peke yake ndiyo iliuza asiransi katika Kongo. Sheria ya 2015 ilifungua mlango kwa kampuni zingine, na ARCA ndiyo inazitolea ruhusa na kuzichunga. Kwa hiyo, mtu akikujia sokoni na kitabu cha risiti, omba akuonyeshe ruhusa ya kampuni yake. Akisema utaiona kesho, pesa nayo ingoje kesho.

Mwisho, jambo lisilo na bei kubwa. Anayeishi peke yake anajua peke yake makaratasi yake yako wapi. Weka nakala ya hati ya kiwanja, mkataba wa deni na karte ya mityeli kwa mtu unayemwamini, na umwambie ni nani wa kuitwa ukipatwa na shida. Asiransi isiyojulikana na mtu haitadaiwa na mtu.

Kwenye mkutano ujao, wenye kuwa na mkataba waulete. Tutausoma pamoja, mstari kwa mstari, mbele ya mtu kutia sahihi.