Mapepe ya kuzaliwa nayo: mpunga chotara na siri ya NERICA

Wadau wa mpunga, leo tuongelee mapepe. Masuke yamesimama wima, hayainami, ukiminya punje ni tupu. Wengi wetu tunakimbilia kulaumu mbegu, wakati mara nyingi chanzo ni ukame wakati wa kuchanua au funza wa shina. Ila yapo mapepe ya kuzaliwa nayo, na ukiyaelewa utajua mbegu ipi uitunze na ipi usiitunze.

Mpunga unaolimwa duniani ni wa jamii mbili: wa Asia (Oryza sativa), unaozaa sana, na wa Afrika Magharibi (Oryza glaberrima), unaoyamudu magugu. Ukiwachanganya, chotara anakua vizuri, anachanua, halafu karibu punje zote zinakuwa mapepe. Mhusika mkuu ni jeni iitwayo S1, iliyoko kwenye kromosomu ya 6. Chotara ana nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Ile ya Afrika inaua chavua iliyobeba nakala ya Asia, na mayai kadhaa pia. Zipo jeni nyingine zenye tabia hiyohiyo, kwa hiyo chavua karibu yote inakufa.

Miaka ya 1990, Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake, wakiwa Côte d'Ivoire, walipata njia. Kwa kuwa mayai machache yalibaki mazima, walimfanya chotara kuwa mama, wakampa chavua ya mzazi wa Asia. Wakarudia tena. Kwa hesabu, damu ya Asia ikapanda kutoka nusu hadi robo tatu, kisha saba ya nane. Mimea iliyobaki na S1 ya Asia pekee haikuwa na muuaji tena, ikajaza punje. Maabara ikasaidia kupata mistari isiyobadilika. Ndiyo hizo NERICA, zilizofika hadi Uganda na Tanzania.

Sasa shambani kwako. NERICA imeshatulia: chagua masuke mazuri, ondoa mimea ngeni, kausha vizuri, panda tena. Baada ya misimu michache nunua mbegu mpya iliyothibitishwa, maana michanganyiko haikosi.

Mbegu chotara ya F1 ni habari nyingine. Kwa kawaida mama yake ni mpunga wenye chavua tasa, na baba ndiye anayeleta jeni ya kurudisha uzazi. Ukipanda ulichovuna, jeni zinagawanyika: mimea haitalingana, na mingine itatoa mapepe. Kwa hiyo gharama ya F1 iweke kwenye bajeti kila msimu. Ukiona haikulipi, baki na mbegu unayoweza kuitunza mwenyewe.