Dogo anazamia Bondeni

Mwenzenu sina raha. Mdogo wangu kauza kitanda na redio, anatafuta nauli ya Bondeni. Juzi kaja geto usiku, anataka nimwongezee.

"Dogo, kule si wanapiga wageni?" nikamuuliza.

"Bro, bora nipigwe nikiwa na hela."

Sikuwa na jibu. Tangu amalize fomu foo ni fundi simu wa barazani, siku mbaya anarudi na nauli ya daladala tu.

Lakini Bondeni si pa kwenda kichwa kichwa! Mei 2008 fujo zilianzia Alexandra, Johannesburg, zikasambaa, wakafa watu zaidi ya 60, wakiwemo Wasauzi wenyewe. Mwaka 2015 zikaibuka tena Durban. Kisa? Eti kwerekwere anatuchukulia kazi.

Kijiweni kwetu huwa tunawalaani sana Wasauzi kwa hilo. Sasa sikia. Julai 2025 serikali yetu ilipopiga marufuku wageni kufanya biashara 15, za rejareja na saluni zikiwemo, kijiwe kizima kilishangilia. Ufundi simu nao umo kwenye orodha. Dogo alishangilia kuliko wote, na mimi nilipiga makofi, sikatai.

Nikamuuliza, ukifika huko utafanya kazi gani?

Akafungua begi: bisibisi, hina ya kuchomelea, vioo vya simu.

Tukaangaliana. Nikatoa nilichonacho, nikampa. Anaondoka Jumamosi, na Mama bado hajaambiwa.