Jina lilitangulia, hadithi ikashika njia yake

Mwaka 2015 picha za barua ya kurasa tatu zilionekana mtandaoni kupitia HarperCollins, wachapishaji wa George R.R. Martin huko Uingereza, kisha zikaondolewa. Kuondolewa hakukusaidia kitu, zilikuwa zimekwisha kusambaa. Martin aliiandika barua hiyo Oktoba 1993 kwa wakala wake, Ralph Vicinanza, na akaambatanisha sura 13 za mwanzo za riwaya mpya, kurasa 170. Mimi niliifungua nikitafuta jambo jingine kabisa, nikanasa kwenye majina matatu, na tangu hapo hayaniachii.

Mwanzoni Martin anamkumbusha Vicinanza kwamba yeye hana desturi ya kupanga riwaya kabla ya kuiandika. Akishajua kitabu kinaelekea wapi, hamu ya kukiandika inamtoka. Akishasema hayo, anaanza kupanga.

Ufalme wa Westeros, anaeleza, unakabiliwa na hatari tatu. Ya kwanza ni uhasama wa koo mbili kubwa, Stark na Lannister, zinazoumana kwa fitina na mauaji. Hiyo ndiyo itakayobeba kitabu cha kwanza, A Game of Thrones, mchezo wa kuwania viti vya enzi. Ya pili inatoka ng'ambo ya bahari, ambako Daenerys, binti wa ukoo wa Targaryen uliopinduliwa, anawakusanya wapanda farasi wa Dothraki aje kuvamia nchi ya baba zake; hicho ni kitabu cha pili, A Dance with Dragons, yaani kucheza ngoma na majoka. Ya tatu, kubwa kuliko zote, inashuka kutoka kaskazini nyuma ya Ukuta: viumbe vya barafu vinavyowainua wafu na kuwatia jeshini. Hiyo itamaliza kazi katika kitabu cha tatu, The Winds of Winter, pepo za majira ya baridi. Hatari tatu, vitabu vitatu, majina matatu, na kila jina limekaa juu ya hadithi yake kama kifuniko cha chungu chake.

Aliyesoma vitabu vyenyewe akiendelea na barua atacheka. Jaime Lannister anawaua wote waliomtangulia katika urithi hadi anakalia kiti cha enzi, kisha mauaji anamsingizia ndugu yake Tyrion. Catelyn Stark anakimbilia kaskazini na kufia mikononi mwa viumbe vya barafu. Tyrion anampenda Arya, Arya naye moyo wake uko kwa Jon Snow. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotimia katika vitabu. Aya moja karibu na mwisho imefunikwa kwa wino mweusi, na nadhani wapo wasomaji ambao wangeuza baiskeli ili waione.

Hadithi ilibadilika hivyo, lakini majina yale matatu hayakuguswa.

Martin, ambaye anaishi Santa Fe, New Mexico, na bado anaandikia programu ya kale ya WordStar, ana mfano anaoupenda anapohojiwa. Husema waandishi wako wa aina mbili. Kuna wasanifu majengo, wanaojua kila chumba na kila bomba kabla ya msingi kuchimbwa, na kuna watunza bustani, wanaofukia mbegu, wanaimwagilia, kisha wanangoja waone kimeota nini. Yeye anajihesabu kwa watunza bustani. Namwamini, isipokuwa kwenye majina. Kwenye majina alisanifu kwanza, na bustani ikaota ikipita katikati ya kuta.

Tazama yaliyolipata A Dance with Dragons. Mwaka 1993 lilikuwa jina la kitabu cha pili. Hadithi ikavimba, A Clash of Kings (1998) na A Storm of Swords (2000) vikatangulia, na jina likasogezwa hadi kitabu cha nne. Mpango ulikuwa hadithi iruke miaka mitano ili watoto wakue, majoka nayo yakomae. Mruko huo ulimshinda, akauacha, na nafasi ya nne ikachukuliwa na A Feast for Crows (2005). Ngoma ya majoka ikaja kutoka Julai 2011 ikiwa ya tano.

Na ndani yake, ngoma iko wapi? Daenerys, aliyetakiwa awe ameshavuka bahari, bado yuko Meereen akihangaika kutawala mji usiomtaka. Majoka wake wawili wamefungwa chini ya piramidi. Wa tatu, Drogon, anatokea ghafla kwenye uwanja wa mapigano, malkia anamrukia mgongoni na wanapaa. Yupo pia Quentyn Martell, mwana wa mfalme mdogo kutoka Dorne, kijana mpole asiye na kipaji chochote cha kutisha. Anashuka shimoni usiku akiwa na mjeledi ili afuge joka. Anamkazia macho mmoja, moto unamjia kutoka kwa mwingine nyuma yake. Anakufa baada ya siku tatu za maumivu.

Nilipoirudia sura hiyo nikiwa na barua ya 1993 kichwani, niliona kwamba mchezaji wa ngoma ile ni Quentyn, mtu ambaye barua haimtaji. Kwamba Martin alikusudia hivyo, au jina lilijitafutia mtu wa kulibeba, sina namna ya kuthibitisha. Ila nalipenda jina hilo zaidi kwa sababu ya yule kijana kuliko ninavyolipenda kwa sababu ya malkia.

Majina yaliyoongezwa baadaye hayana taabu hii. A Clash of Kings kina wafalme watano, wote wanadai nchi. A Storm of Swords ndicho chenye harusi ya mauaji ambayo hakuna aliyeisahau. A Feast for Crows kinapita katika mashamba yaliyoungua, watawa maskini na maiti barabarani, na kunguru wanashiba kweli. Hayo yalikuja hadithi ikiwa tayari inajulikana ilipo. Yale ya 1993 yalikuwa ahadi, na ahadi ni deni.

Mfululizo wote unaitwa A Song of Ice and Fire, wimbo wa barafu na moto. Martin amekiri kwamba shairi la Robert Frost kuhusu moto na barafu limo katika asili ya jina hilo. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Chukua kile kitabu cha 1996 kilichoitwa kwa jina la viti vya enzi, utazame kurasa zake za mwanzo na za mwisho. Kinaanzia msituni nyuma ya Ukuta, walinzi watatu wakikutana na viumbe vya barafu. Kinaishia kwenye majivu ya moto wa kuchomea maiti, Daenerys akiwa hai na majoka watatu wachanga. Barafu mwanzo, moto mwisho, na viti vya enzi vimebanwa katikati. Humo humo Jorah Mormont, mshauri wa Daenerys, anamweleza kwamba raia wa kawaida wanaomba mvua na afya, na michezo ya wakubwa hawaijali ilimradi waachwe kwa amani. Methali yetu ya tembo na nyasi ingemtosha.

HBO walipoanza tamthilia Aprili 2011, waliliacha jina la mfululizo wakachukua la kitabu cha kwanza. Kibiashara siwalaumu. Lakini jina likikaa kwenye bango kwa misimu minane na sehemu 73, linaanza kuamuru. Katika msimu wa mwisho, jeshi la wafu lililotutisha tangu dakika za kwanza kabisa linamalizwa usiku mmoja, sehemu ya tatu kati ya sita. Sehemu tatu zilizobaki ni za nani akae wapi. Watazamaji wengi walilalamika kwamba hadithi imeharakishwa. Mimi nasema pia kwamba ilitii jina lake: iliitwa mchezo wa viti vya enzi, ikarudi kwenye kiti cha enzi.

Hata hivyo, tarehe 19 Mei 2019, katika sehemu ya mwisho, Drogon anakiyeyusha kiti chenyewe. Baadaye Samwell Tarly, rafiki wa Jon Snow, anaweka mezani kitabu kinene cha historia ya vita vile, na jina lake ni A Song of Ice and Fire. Tyrion anauliza kimemsema vipi, anaambiwa hatajwi. Watu wa HBO walijua vizuri jina walilokuwa wameliacha. Mwaka 2022, katika tamthilia yao nyingine, House of the Dragon, wakaligeuza kuwa siri ya wafalme: Viserys anamnong'oneza bintiye Rhaenyra ndoto ya Aegon Mshindi, na ndoto hiyo ndiyo inayoitwa wimbo wa barafu na moto.

Limebaki lile jina la tatu. The Winds of Winter, lililowekwa 1993 lifunge hadithi, sasa ni la kitabu cha sita kati ya saba, kwa hiyo pepo zile haziwezi kuwa mwisho. Baada yake kuna A Dream of Spring, ndoto ya majira ya kuchipua, ambacho awali kilipangiwa jina la mbwa mwitu. Martin amesema ana zaidi ya kurasa 1,000 za kitabu cha sita. Je, kurasa hizo zinafika kwenye baridi iliyoahidiwa, au Daenerys bado yuko nyikani ng'ambo ya bahari kama tulivyomwacha 2011?

Kwa hukumu yangu, jina la HBO liliifaa tamthilia na haliufai mfululizo wa vitabu. Vitabu vina jina lao, na bado linafaa. Asiyewahi kuvisoma aanze na kile cha 1996, na asiruke sura ya utangulizi kwa haraka ya kuwafikia wafalme.