Kabla hujanunua megabiti zaidi: kwa nini ukurasa unachelewa kufunguka

Malalamiko yenyewe tunayajua. Mtu amehama kutoka kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde kwenda cha 20. Bili imepanda, video zinacheza bila kukwama, lakini akifungua ukurasa wa kawaida wa gazeti au wa chuo, kile kiduara kinazunguka vilevile. Anaamini ameibiwa. Pengine hajaibiwa, ila kauziwa kitu tofauti na alichokihitaji.

Spidi inayotangazwa kwenye vifurushi ni kipimo cha wingi: biti ngapi zinaweza kupita kwa sekunde moja. Kinachoamua ukurasa ufunguke haraka, mara nyingi, ni muda: ujumbe wako unachukua muda gani kufika kwenye seva, na jibu likurudie. Fikiria kivuko cha kutoka Magogoni kwenda Kigamboni. Ukileta kivuko kikubwa mara mbili, watu wengi zaidi watavuka kwa mkupuo, lakini wewe ukishapanda hutafika ng'ambo mapema zaidi. Na kama una karatasi inayotakiwa isainiwe Kigamboni, irudi Magogoni kugongwa mhuri, kisha ipelekwe tena Kigamboni, ukubwa wa kivuko haukusaidii kitu. Hapo unahesabu safari.

Kivinjari nacho kinahesabu safari. Ukiandika jina la tovuti, kwanza kinauliza jina hilo lina anwani gani ya namba. Kikishaipata, kinabisha hodi kwenye seva na kusubiri kuitikiwa. Halafu pande mbili zinakubaliana namna ya kufunga mazungumzo kwa siri, ile alama ya kufuli. Kwa toleo la sasa la utaratibu huo, lililotoka mwaka 2018, inatosha safari moja. Matoleo ya zamani yalihitaji mbili. Mpaka hapa hujapata hata herufi moja ya ukurasa.

Na ukianza kutumiwa, hutumiwi vyote kwa mara moja. Seva haijui njia yako inabeba kiasi gani, kwa hiyo inaanza kwa pakiti 10 hivi, yaani karibu kilobaiti 14. Zikifika salama inatuma 20, halafu 40. Uangalifu huu una historia yake. Mwezi Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mahali palipotengana kwa mita zisizofika 400, mtandao ulisongamana mpaka kasi ikaanguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Biti arobaini! Van Jacobson alichunguza kisa hicho, na mwaka 1988 akachapisha utaratibu wa kuanza polepole ambao kompyuta zetu bado zinaufuata kwa namna moja au nyingine.

Sasa tupige hesabu. Tuseme seva iko London, safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 150, na faili unalotaka ni la kilobaiti 100. Kuuliza anwani, safari moja. Kubisha hodi, moja. Kufuli, moja. Kupokea faili kwa mafungu ya 14, 28 na 56, safari tatu. Jumla ni sita, yaani sekunde 0.9. Na kusukuma biti zenyewe kwenye laini ya megabiti 20? Kilobaiti 100 ni kilobiti 800, hivyo ni sekunde 0.04. Ukilipia megabiti 40 utaokoa sekunde 0.02. Hiyo ndiyo tofauti unayolipia kila mwezi, kama kazi yako ni kusoma kurasa tu. Mike Belshe wa Google alipima jambo hili mwaka 2010, akakuta kwamba kupanda kutoka megabiti 5 hadi 10 kulipunguza muda wa kufungua kurasa kwa takriban asilimia 5 tu, wakati kila milisekunde iliyopunguzwa kwenye safari ilileta faida ya moja kwa moja.

Safari yenyewe haiwezi kufupishwa tutakavyo. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 75, hata kama mkongo ungenyooshwa kama kamba. Haukunyooshwa. Bado lakini tumetoka mbali: kabla ya mkongo wa SEACOM kufika pwani yetu mwaka 2009, mawasiliano mengi yalipita kwenye setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: karibu nusu sekunde kwa kila safari. Zidisha kwa sita uone.

Hapa pia ndipo utaelewa kwa nini YouTube inakwenda vizuri huku tovuti ya chuo kidogo cha Ulaya inajikokota. Kampuni kubwa huweka nakala za vitu vyao ndani ya mitandao ya watoa huduma wa hapahapa, kwa hiyo safari inakuwa fupi.

Basi, nyumbani ufanye nini? Kwanza pima, usibahatishe. Kuna programu ndogo inaitwa ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, na imo ndani ya Windows, Mac na Linux. Fungua dirisha la amri, andika ping kisha anwani ya ruta yako (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1). Jibu likirudi kwa milisekunde chache, mambo ni shwari. Likiwa linarukaruka, mara 3 mara 180, tatizo limo ndani ya nyumba na mtoa huduma humwonei chochote. Kuta nene za tofali na zege zinanyonya mawimbi ya Wi-Fi, na yale ya gigahezi 2.4 yanagombania nafasi na majirani pamoja na oveni ya maikrowevu. Hamia gigahezi 5 kama uko karibu na ruta. Kama kompyuta haitoki mezani, waya wa mita chache utamaliza ubishi wote.

Ruta ikijibu vizuri, ping 8.8.8.8 wakati hakuna anayetumia mtandao, kisha rudia wakati simu ya mtu nyumbani inapakia picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni. Unaweza kukuta milisekunde 20 zimekuwa 600. Hapa tunarudi kivukoni, safari hii kwenye foleni. Njia ya kupakia kwa kawaida ni nyembamba, na ruta nyingi, badala ya kukataa pakiti zinapozidi, zinazipanga kwenye foleni ndefu. Kiswali chako kidogo cha kufungua ukurasa kinajikuta nyuma ya picha 400 za harusi. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo kinachosahauliwa kuliko vyote, kwa sababu ukipima spidi usiku peke yako kila kitu kinaonekana kizuri. Panga simu zipakie saa nane za usiku. Kama ruta yako ina sehemu ya kusimamia foleni, mara nyingi imeandikwa SQM au QoS, iwashe na uweke kikomo chini kidogo ya spidi halisi unayopata.

Baada ya hapo, punguza safari zenyewe. Ukurasa mmoja wa habari unaweza kuita vitu kutoka kwenye anwani kadhaa tofauti, nyingi zikiwa za matangazo na wafuatiliaji, na kila anwani mpya inadai kuulizwa, kubishiwa hodi na kufungiwa kufuli upya. Kiendelezi kama uBlock Origin kwenye Firefox kinazizuia kabla hazijaanza. (Magazeti yanaishi kwa matangazo, najua, unaweza kuyaruhusu kwenye tovuti unazotaka ziendelee kuwepo.)

Halafu kuna ule ushauri wa mafundi: "Futa kache kila siku kompyuta iwe nyepesi." Kwa upande wa spidi ni kinyume kabisa. Kache ni nakala za nembo, fonti na picha ambazo kivinjari kilishazileta jana ili leo kisizifuate tena. Ukizifuta, umeagiza safari zote zirudiwe, na bando liliwe upya. Futa pale tu tovuti inapoonekana imeharibika. Na zile programu zinazojiita za kuongeza kasi ya intaneti, achana nazo.

Mwisho, huenda mtandao hauna kosa. Kompyuta yenye gigabaiti 4 za RAM na vichupo 30 vilivyofunguliwa inaishiwa nafasi, inaanza kuhamishia mambo kwenye diski. RAM inajibu kwa takriban sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya kuzunguka inahitaji milisekunde kama 10, yaani kama mara laki moja zaidi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc, utazame safu ya diski: ikiwa imeganda asilimia 100 wakati ukurasa unafunguka, fedha uliyotaka kuongezea kifurushi ihamishie kwenye SSD au RAM.

Kuna siku haya yote hayatasaidia. Mwezi Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini, na Tanzania na majirani zake wakabaki na njia chache zilizosongamana. Siku kama hiyo ping kwenda kwenye ruta itarudi kwa milisekunde 2 na kwenda nje haitarudi kabisa, nawe utajua kwamba meli ya ukarabati iko njiani na kompyuta yako haina shida.