Imekataa Kuwaka: Kitenzi cha Mteja na Ugonjwa wa Tarakilishi Kibera na Kawangware

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, tarakilishi ni chombo cha riziki kabla ya kuwa chombo cha usomi. Katika kibanda cha mabati kando ya reli pale Laini Saba, au katika chumba cha ghorofani karibu na kituo cha 46 Kawangware, mashine mbili tatu hutosha kumpa mtu kazi ya kuchapa barua, kunakili vyeti, kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi na, tangu huduma za serikali zilipoanza kuhamia kwenye eCitizen mnamo 2014, kuwaombea majirani vyeti na leseni. Mashine hiyo ikizimika na kukataa kuamka, siku huwa imekwisha. Kwa mwanafunzi wa isimu au wa fasihi simulizi hasara yaweza kuwa kubwa zaidi. Aliyerekodi masimulizi ya wazee wa Kinubi pale Makina, akayanukuu na kuyahifadhi katika diski moja tu, hawezi kumrudia mzee aliyekwisha kufariki ili amsimulie upya.

Makala haya yananuia kueleza jinsi chanzo cha kuzimika huko kinavyotafutwa. Aidha, yatadhihirisha kwamba nusu ya utafutaji huo ni kazi ya lugha, maana fundi hufanya uchunguzi wake wa kwanza kabla hajashika bisibisi. Huuanza kwa kumsahihisha mteja kitenzi.

Mteja afikapo kibandani husema: "Fundi, hii mashine imekataa." Fundi haipokei kauli hiyo kama ilivyo. Huuliza: "Imekataa kuwaka ama imekataa kufungua?" Hapo pana tofauti kubwa. Mashine isiyowaka haina taa, haina sauti ya feni, haina dalili yoyote ya uhai. Ugonjwa wake uko katika njia ya umeme. Mashine inayowaka lakini haifunguki huonyesha taa, feni ikazunguka, pengine hata maandishi meupe yakapita kwenye skrini, ila Windows haiji. Hiyo umeme inao. Inachokosa ni kumbukumbu, diski au programu ya kuanzia. Kuna pia inayoganda, ambayo vijana husema "imehengi": picha ipo, kipanya hakisogei. Na kuna ile inayosemwa kwamba "inajizima".

Kitenzi hiki cha mwisho kinastahili kutazamwa kwa makini. Kiambishi rejeshi -ji- kinadai kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Katika hali moja dai hilo ni kweli kabisa: kichakato cha tarakilishi kikipata joto kupita kiasi, mashine hujizima kwa makusudi ili kisiungue. Lakini stima inaposhuka, mashine haijizimi. Inazimwa na kitu kilicho nje yake. Mteja husema "inajizima" katika hali zote mbili, na lugha haimlaumu. Fundi ndiye anayelazimika kurudisha mtenda halisi katika sentensi, naye hufanya hivyo kwa kuuliza saa. Ikiwa mashine huzimika saa saba mchana, jua likiwa limechoma mabati ya paa, mshukiwa ni joto. Ikiwa huzimika saa moja jioni, majirani wanapowasha majiko ya umeme na pasi na balbu zikafifia, mshukiwa ni stima. Ikizimika kila faili fulani inapofunguliwa, uchunguzi huelekea kwenye diski au programu. Isipokuwa na saa wala sababu inayoeleweka, kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ndiyo ya kutazamwa mwanzo.

Suala la stima ni pana katika mitaa hii. Umeme wa Kenya umewekwa kuwa wa volti 240, lakini waya mmoja ukigawiwa vyumba vingi, tena kwa viunganisho visivyo rasmi vilivyofungwa kwa mkono, kiwango kinachomfikia mtumiaji wa mwisho hushuka. Pawasaplai ya tarakilishi hustahimili upungufu kwa kiasi, kisha hushindwa, na mashine hujiwasha upya katikati ya kazi. Hatari kubwa zaidi huja umeme unaporudi baada ya kukatika, kwani huweza kurudi kwa mshtuko unaounguza vifaa. Ndiyo maana wenye vibanda waliozoea hung'oa plagi stima inapopotea, wakangoja dakika chache baada ya taa kurejea ndipo wachomeke tena.

Mashine isiyowaka huchunguzwa kutoka ukutani kuingia ndani: soketi, ekstensheni, waya, fyuzi ya plagi, halafu pawasaplai. Nyuma ya pawasaplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Tarakilishi iliyotumika Marekani huweza kufika Nairobi ikiwa ingali kwenye 115. Ikichomekwa hivyo kwenye volti 240, hutoa mlio kama wa bunduki na harufu ya kuungua. Pawasaplai iliyokufa hubadilishwa nzima. Kuifungua si kazi ya mwanagenzi, kwa kuwa kapasita zake huhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kung'olewa.

Kapasita hizo zina historia yake. Kati ya takriban mwaka 1999 na 2007 viwanda vingi vya dunia vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu ndani, nazo zikawa zikivimba vichwa na kuvuja baada ya miaka michache. Kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 mnamo 2005 kwa sababu ya hitilafu hiyo, hasa katika mashine za OptiPlex GX270 na GX280. Tarakilishi za ofisi za kizazi hicho zilistaafishwa Ulaya na Marekani, na nyingi za aina hiyo zikauzwa Afrika kama mitumba. Si ajabu basi kwamba fundi aliyejifunza kazi zama hizo hufungua kasha na, kabla ya lolote, kuinamisha kichwa kutazama bodi kuu kwa ubavu: kapasita nzima ina kichwa bapa, mbovu ina kichwa cha duara kilichopasuka na ute wa kahawia. Dalili zake humkanganya asiyejua, kwani mashine huwaka asubuhi baada ya kujaribiwa mara tano, kisha huzimika bila mpango. Mteja husema "ina mashetani".

Vumbi ni adui mwingine. Udongo mwekundu wa vichochoro, moshi wa makaa na wa mafuta ya taa hujenga tabaka juu ya feni na juu ya vyuma vya kupoza kichakato. Brashi ya rangi iliyo kavu na pampu ya hewa huponya mashine nyingi zinazojizima mchana. RAM nayo hutolewa, meno yake ya shaba yakasuguliwa polepole kwa kifutio cha penseli, ikarudishwa mpaka vibanio vilie. Tiba hii ya shilingi chache huonekana kama utani, lakini mashine iliyokuwa ikilia mlio baada ya mlio bila kuleta picha mara nyingi hufunguka papo hapo. Milio yenyewe ni lugha: idadi na urefu wake hutaja kifaa kilichoshindwa, ingawa kila mtengenezaji ana lahaja yake.

Maandishi ya skrini mashine inapowaka, kwa upande wake, hayakuzoea kuzungumza Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mnamo 2004, na watumiaji wakapata menyu na amri kwa lugha yao. Lakini ujumbe unaotokea kabla programu yoyote haijaamka ulibaki Kiingereza. Hivyo mtu aliyeona herufi NTLDR kwenye Windows XP aliamini mashine imekufa, kumbe amesahau flashi kwenye tundu lake, nayo mashine ikawa inajaribu kuanzia humo. Ichomoe, uwashe upya. Inasikitisha kufikiria diski zilizofutwa kwa kosa hilo.

Na hapa ndipo penye hatari kuu. Mafundi wengi wenye haraka wana tiba moja kwa kila mashine isiyofunguka: kufomati na kupakia Windows upya. Tiba hiyo huondoa virusi, huondoa programu iliyoharibika, na huondoa tasnifu. Mteja ana haki ya kusema mapema, tena kwa sauti, kwamba diski isiguswe kabla data haijanakiliwa. Kunakili si muujiza: diski hutolewa ikachomekwa kwenye mashine nyingine, au mashine yenyewe ikawashwa kwa Linux kutoka kwenye CD au flashi bila kuandika chochote kwenye diski. Ubuntu, mojawapo ya mifumo inayofanya kazi hiyo, ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, na kati ya 2005 na 2011 CD zake zilitumwa bure kwa posta kote ulimwenguni. Wanafunzi wa Kiswahili hawahitaji kutafsiriwa jina hilo. Ni ndugu wa utu, kwa mzizi ule ule wa -ntu. Ila diski ikianza kutoa mlio wa kugonga, tak, tak, tak, isiwashwe tena kwa majaribio. Kila mzunguko huweza kukwaruza sehemu iliyobeba maandishi.

Virusi visichukue nafasi kubwa hapa, maana hulaumiwa kuliko vinavyostahili. Huingia kwa flashi za wateja wanaochapisha, huharibu faili, lakini haviwezi kuizuia taa isiwake.

Baada ya maelezo hayo fundi hukata kipande cha karatasi ya gundi na kukibandika juu ya kasha. Huandika jina la mteja na neno moja tu chini yake. Kama mteja alisema "imekataa" na mahojiano yakaonyesha vingine, "imekataa" haiandikwi. Karatasi husomeka "haiwaki", au "inawaka, haifunguki", au "inazimika jioni", na mwenzake atakayeipokea kesho yake huanza kazi hapo.