ANGA LETU (7): Kimondo cha Kariakoo na jiwe la Ivuna

Tangu biashara ya saa 24 ianze Kariakoo Februari 2025, watu wengi zaidi wako macho usiku wa manane, na maswali ya vimondo yamenijia kwa wingi. La karibuni ni la mama lishe wa Mtaa wa Kongo. Alikuwa akigeuza vitumbua kabla ya alfajiri, ghafla ukuta wa ghorofa la mbele ukawa wa kijani, kivuli chake kikakimbia barabarani. Alipoinua macho, mpira wa moto unazimikia upande wa Jangwani. Jirani yake alikuwa keshaanza kuleta istighfari.

Waliofuatana nami tangu mwanzo wanajua kwamba kimondo hakiungui kama kuni: hewa iliyo mbele yake ndiyo inayobanwa hadi ikapata joto kali. Kijiwe cha kiasi cha chungwa, kikiwa kilomita 80 juu, chaweza kuliangaza jiji. Mama huyo hakuona dalili ya msiba.

Lakini nasikitika kwamba kila nikitaja vimondo, watu hunijibu kimondo cha Mbozi tu. Chuma kile cha tani zinazokadiriwa 16 kinastahili sifa zake. Ila katika Mkoa huo huo wa Songwe, Desemba 16, 1938, liliangukia Ivuna jiwe jeusi, lote halifiki kilo moja, ambalo wanasayansi wanalithamini kupita kiasi. Kundi zima la vimondo adimu limepewa jina lake, na hadi leo mawe ya kundi hilo yanayojulikana duniani hayafiki hata ishirini. Ukiacha gesi nyepesi, mchanganyiko wake unalingana na wa Jua lenyewe, na ndani yake mna maji yaliyofungwa katika madini. Ni laini mno, mawe ya aina hiyo hulowa yakamomonyoka. Lingeachwa nje msimu ule wa mvua, tusingekuwa na la kusimulia. Mwaka 2020 Wajapani walileta gramu 5.4 kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu, safari ya miaka sita, na walipozipima wakakuta ni ndugu wa Ivuna! Kipande kikubwa cha jiwe la Ivuna kilinunuliwa na makumbusho ya London mwaka 2008. Mtoto wa Kitanzania kumaliza shule bila kulisikia jina hilo ni aibu yetu sisi watu wazima, na tusimtupie mtu mwingine.

Ili vimondo vionekane vizuri, taa za Kariakoo nazo zifunikwe kwa juu, zimulike bidhaa, zisimulike mawingu.

Atakayeona kimondo kingine aandike saa papo hapo, kisha akumbuke kilianzia juu ya ghorofa lipi na kuzimikia juu ya lipi, na ahesabu sekunde hadi atakaposikia ngurumo, ikiwapo. Mtu wa Kigamboni naye akiandika yake, mistari yao miwili ya kuelekea kimondo ikikatana, twaweza kujua pa kwenda kutafuta jiwe.